Breki Zilizolala Langoni kwa Hajji Siraje

Swalik, Mnunuzi wa Kahawa
Kasese Mjini
31 Julai 2017

Kwa Mheshimiwa Hajji Siraje,
Mwenye Malori, Bwera.

Mzee wangu mpendwa, asalaam aleikum.

YAH: KUNYIMWA MKE NA KUZUILIWA GARI KWA SABABU YA PEDI ZA BREKI

Ninakuandikia kwa adabu zote, nikiwa nimenawa uso na kuketi sawasawa, kwa kuwa simu zangu hupokei, na mjumbe niliyemtuma alirudi akisema ulimpa chai lakini hukumpa jibu. Mimi ni yule Swalik aliyekuja Jumamosi ya tarehe 15 kutambulishwa rasmi nyumbani kwako ili nimwoe binti yako Naimah, na ambaye, kwa maneno yanayozunguka Bwera nzima, alilipita lango lako mara mbili bila kusimama. Desturi naijua. Mchumba akilipita lango la wakwe siku ya utambulisho, amekwisha kusema kwamba binti hamtaki, na hana haja ya kufungua mdomo. Lakini Hajji, desturi hiyo iliwekwa na watu waliokuja kwa miguu. Pedi za mbio hawakuzijua. Naomba basi unisikilize hoja kwa hoja.

1. Mimi sikulipita lango. Lililopita ni gari, nami nilikuwa ndani yake. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, sisi wenye magari ya mbio hukutana kwenye kiwanja cha lami cha lile ghala la pamba lililofungwa, upande wa Kitswamba, tukazunguka kwa zamu huku tukipimwa muda. Hatuchezi kamari, hatunywi pombe, tunazunguka tu. Mwezi wa sita Subaru yangu ilikuwa na pedi za kawaida. Zilishika vizuri mizunguko ya mwanzo, kisha zikachemka, pedali ikawa laini kama muhogo uliopikwa, nami nikaingia kwenye magunia ya maganda ya kahawa ambayo yamepangwa pale kwa ajili ya watu kama mimi. Baada ya hapo fundi wangu, Baluku, aliniwekea mezani pakiti tatu. Za kawaida, ambazo hushika zikiwa baridi na kuchoka zikipata moto. Za mbio, ambazo hulala zikiwa baridi na kuamka zikipata moto. Na za katikati, ambazo hufanya yote mawili kwa kiasi. Nikachukua za mbio. Za katikati niliziona ni za mtu asiyejua anachotaka maishani. Mimi ninajua ninachotaka, Hajji, na ndiyo maana nilikuja kwako.

2. Barabara yenu nayo ina makosa. Kutoka Kasese hadi Kikorongo imenyooka, na kuanzia hapo hadi kwako hakuna kona ya kumfanya mtu akanyage breki kwa dhati. Tegemeo langu lilikuwa tembo. Siku nyingine zote wanavuka barabara ile wanavyotaka, wanasimamisha mabasi, wanasimamisha hata misafara ya wakubwa. Siku ya utambulisho wangu hakuvuka hata mmoja. Nilifikiri kuwalalamikia wahusika wa hifadhi, nikaona nianze na wewe.

Kwa hiyo nilifika Bwera pedi zikiwa baridi. Nikaliona lango, nikaona hema, nikaona akina mama wamejipanga katika magauni yao ya gomesi wakipiga vigelegele. Nikakanyaga. Pedali ikawa ngumu kama jiwe na gari likaendelea na safari. Breki ya mkono ilikuwa imelaliwa na kikapu cha sukari yenu. Nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye heshima angefanya, nikawapungia mkono. Wanaosema nilikuwa nawaaga wananionea.

Niligeuza karibu na kizuizi cha mpaka pale Mpondwe, ambapo askari aliniuliza kama nina hati ya kusafiria. Niliporudi, pedi zilikuwa zimeanza kuzinduka na kunuka, na gari likapunguza mwendo kiasi cha kuniwezesha kuuona uso wako vizuri, ila halikusimama. Vigelegele vikakoma. Mara ya tatu ziliamka zote kwa pamoja. Gari lilisimama pale pale langoni, sawasawa na ahadi ya pakiti, kwa mlio uliowakatisha mbuzi kamba, na mjomba wangu Hamim, aliyekuwa msemaji wetu, akaipiga dashibodi kwa paji la uso na hotuba yote aliyokariri ikamtoka. Lango lilikuwa limefungwa. Wenzangu wa magari ya nyuma walikuwa wamesimama vizuri tangu mwanzo, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo. Lakini naomba ikumbukwe kwamba nilisimama.

3. Nyumba yako iko mahali pabaya. Ingekuwa chini ya milima ya Kyarumba, au kule bondeni Kilembe, ningeteremka mguu ukiwa kwenye breki muda wote, nikafika pedi zimeiva, nikasimama kwa upole mbele ya akina mama. Kwa sababu hiyo naomba nyumba ihamishwe. Najua ni ya matofali na ina ghorofa, lakini malori unayo mwenyewe. Ikishindikana kabisa, basi ujengwe mlima mdogo kabla ya lango. Na mlima nao ukishindikana, wazee wa Bwera wakae waamue kwamba mchumba apewe mizunguko mitatu, miwili ya kupasha moto na mmoja wa kuhesabiwa, kama tufanyavyo kiwanjani kwetu. Sidhani kama hilo ni kubwa.

4. Shangazi Kulusum, dada yako. Ninamheshimu. Hata hivyo nimeambiwa anasimama sokoni na kusema: "Ule mutu hana breki. Leo anapita mulango ya baba mukwe, kesho atapita mulango ya bibi yake, atasimama kwa ingine." Watu wanacheka, na wanaocheka ni wateja wangu. Mwambie kwamba amelielewa jambo kinyume. Mtu mwenye pedi za mbio hushika zaidi kadiri unavyokaa naye. Naomba alisahihishe jambo hilo kwa sauti ile ile, akianzia kwenye nyanya na kumalizia kwenye samaki.

5. Gari langu. Siku ile hukunitukana, na hilo nalishukuru. Ulitoka, ukanyosha mkono, ukasema tu: "Funguo leta. Wewe enda na miguu." Nikaenda na miguu, mjomba nyuma yangu kashika paji la uso. Tangu hapo Subaru yangu inalala uani kwako katikati ya malori. Sisemi umeiba. Ninachosema ni kwamba diski za breki hushika kutu gari lisipotembea, kwa hiyo naomba liwashwe, lingurume kidogo, kisha lizimwe. Lisiendeshwe. Na zaidi ya yote lisiendeshwe na mtu aliyezoea malori ya chumvi ya Katwe, ambaye huanza kukanyaga breki leo ili asimame kesho. Gari lile linataka mguu mwepesi na mgongo usiouma. Pedi zangu pia zisiguswe na yeyote. Nilizichagua kwa kufikiri sana.

6. Naimah. Hapa naweka mzaha kando. Nimesikia kuna bwana kutoka Kitswamba mwenye gari la abiria aina ya Noah, na kwamba Noah yake husimama kila mahali, hata pasipo na abiria. Sina neno naye. Lakini Hajji, mimi nampenda binti yako. Anaanza kucheka kabla hajafika mwisho wa kisa anachosimulia, na mimi hucheka naye bila kujua tunacheka nini. Tangu siku ile hapokei simu yangu, nadhani kwa kukutii, na mimi ninanunua kahawa bila kuinusa. Wiki iliyopita nilipokea magunia ya kahawa mbichi isiyokaushwa kabisa, nikashukuru na kumtakia muuzaji safari njema. Ukininyima kwa sababu tabia yangu ni mbaya, nitaumia lakini nitaelewa. Kuninyima kwa sababu ya pedi ni jambo nitakaloshindwa kumweleza hata mama yangu.

Kwa hiyo ninaomba Naimah, gari, na nyumba kuhamishwa, kwa mpangilio huo. Ikiwa ni lazima nipewe kimoja tu, tuanze na cha kwanza na hivyo vingine tutaongea.

Nisalimie Mama Naimah, madereva wote, na utingo yule aliyenifungulia mlango wa gari siku ile huku akijizuia kucheka. Nisalimie Shangazi Kulusum baada ya kusahihisha maneno yake. Na Naimah umwambie kwamba nipo.

Wako katika heshima isiyopungua hata gari lisipopunguza,

Swalik

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Baluku alipoingia na simu yake. Ameniletea video ya jana kiwanjani, ambako mimi sikwenda kwa kuwa sina gari. Nimeona Subaru ya buluu, yangu. Ndani yake nimeona kofia nyeupe na ndevu ninazozifahamu. Nimeona ikifika mwisho wa kiwanja kwa mwendo ambao mimi sijawahi kuuthubutu, breki zikikanyagwa nikiwa nimeshafumba macho, na gari likisimama kwenye mstari, mzunguko wa kwanza pedi zikiwa baridi na wa mwisho zikitoa moshi. Anayepima muda ni Naimah. Anacheka.

Baluku amekiri kwamba mlikuja kwake Alhamisi, wewe na binti yako, akawawekea zile pakiti tatu mezani. Anasema Naimah alionyesha za katikati kabla hata hajamaliza kueleza. "Muzee haikuuliza mingi," anasema. "Ilisema tu, weka ile mutoto amesema." Anasema pia kwamba muda wako ndio bora kuliko wa kila mtu mwezi huu, na kwamba umeuliza mwezi ujao ni tarehe ngapi.

Basi, Hajji, hoja ya kwanza hadi ya tano zifute. Nyumba ibaki ilipo. Gari nalo libaki, sasa naelewa kwa nini halirudi, na ulihesabu kuwa zawadi ya mkwe. Ninabaki na hoja ya sita peke yake. Jumamosi hii nitashuka kwenye basi pale mwanzo wa barabara yako na kuja kama ulivyoniagiza, kwa miguu. Akina mama wasiogope kupiga vigelegele mapema. Miguu yangu inashika hata ikiwa baridi.