Sanduku la Asili ya Vitu

Ifahamike kwa shule zote kuanzia Mbozi hadi Tunduma, za bati na za nyasi, kwamba tangu Januari ya mwaka 1955 kila mtoto wa darasa la tatu alitakiwa kujua asili ya kitu alichokivaa, alichokishika na alichokikalia. Idara Ndogo ya Asili ya Vitu ilikuwa imegundua jambo zito: watu walikuwa wakichana nywele bila kujua wanazichana kwa kitu gani hasa.

Waraka uliotangaza habari hizo ulikuwa na kurasa kumi na nne. Uliandikwa na Bwana Anania, Msimamizi Msaidizi wa Idara. Msimamizi mwenyewe hakuwapo, maana cheo chake kilikuwa bado hakijaundwa.

Mwalimu Tupokigwe aliusoma waraka ule mara tatu katika shule yake ya nyasi, mlimani juu ya kijiji cha Itaka, mwanawe Fides akiwa mgongoni, akaona una mambo ya maana. Ulieleza kwamba mafuta yanayochimbwa chini ya ardhi, yakichemshwa kwa utaratibu, hutoa mafuta ya taa, petroli, lami na nta ya mishumaa. Na wataalamu wakiyasumbua zaidi, hutoa nailoni na plastiki. Tupokigwe alifurahi. Taa ya kibatari aliyosomea na kitana cha plastiki alichochania nywele za Fides, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Shida ilikuwa kwenye vifungu. Kifungu cha nne kilisema: kitu chochote kitakachowekwa juu ya meza ya somo, kwa kujua au kwa kutojua, ni kifaa cha somo. Kifungu cha saba: kifaa kikibainika kuwa asili yake ni mafuta ya ardhini, kitumbukizwe katika sanduku la Idara. Kifungu cha tisa: sanduku lisifunguliwe na mtu yeyote ila mwalimu wa shule hiyo mwenye cheti kamili, na baada ya darasa kutamka kwamba limeelewa. Atakayekiuka, miezi sita jela.

Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, na juu lilikuwa na tundu pana kama la sanduku la sadaka. Ufunguo wake ulining'inia ukutani, kwenye msumari, mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyeugusa. Tupokigwe hakuwa na cheti kamili. Alikuwa na kibali cha kufundisha kwa miezi mitatu.

Mwezi Februari, Mwinjilisti Barnaba, mlezi wa shule, aliingia darasani kusalimia. Akavua miwani kufuta jasho, akaiweka mezani. Watoto walikuwa wamekwisha kufundishwa kazi yao. Ferista, binti wa miaka kumi asiyejua kunong'ona, akapasha sindano moto kwenye mshumaa, akaugusa mkono wa miwani, akanusa.

"Hainuki nywele zilizoungua, kwa hiyo si pembe," alisema. "Hainuki moshi, kwa hiyo si mti. Imeyeyuka."

"Plastiki," darasa likaitikia.

Miwani ikatumbukizwa. Barnaba akaandika barua Idarani kuomba irudishwe, akiandika kwa kukisia mistari. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likiwa na muhuri na maneno matatu: Sheria haina miwani.

Tarehe thelathini na moja ya Machi, Bwana Anania alikuja mwenyewe kukagua.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tatu, suti ya kaki, na meno ambayo watu walikuwa wakiyazungumzia hadi Ivuna kwenye machimbo ya chumvi. Meupe, yamepangwa kama mahindi ya mbegu. Mwenyewe alisema ni matunda ya mswaki wa mti na tabia njema, na katika kila hotuba aliwaasa vijana wayatazame. Kesho yake asubuhi alikuwa na hotuba Tunduma, mbele ya Bwana Mkubwa wa Jimbo: kurasa zote kumi na nne, kwa sauti.

Alikagua kwa dakika tano. Kisha akatoa saa mfukoni.

"Mama, kibali chako kinakwisha leo saa sita. Sasa hivi ni saa tano na robo. Cheti kamili hutapata."

"Watoto wamefaulu kujibu yote, Bwana," Tupokigwe alisema. Fides aliamka mgongoni, akatulizwa kwa mikono miwili.

"Sikatai. Lakini wewe ulisoma wapi?"

"Tunduma, Bwana. Shule ya jioni. Baada ya kazi ya shamba."

"Ndiyo hapo. Elimu iliyopatikana jioni haiwezi kutumika asubuhi. Zitagongana."

Tupokigwe alizikumbuka jioni zile, Fides akiwa bado tumboni, akipiga teke kila alipofika kwenye hesabu za kugawanya. Mumewe alikuwa migodini Kitwe, barua zake zikija kwa nadra kama mvua ya Agosti. Bila kibali alikuwa anarudi kuchuma kahawa ya mkwewe, na kitabu kinarudi kuwa kitu cha kufunikia mtungi. Kisha akafanya alichofunzwa na mama yake: hata mgeni aliyekuletea msiba, umpe chakula.

Chakula pekee kilichokuwapo kilikuwa mezani. Upande wa kushoto wa meza ya somo palikuwa na vitu visivyotokana na mafuta ya ardhini: kibuyu, pembe ya ng'ombe, donge la chumvi ya Ivuna, na hindi lililochomwa asubuhi ile ile.

"Bwana, karibu hindi. Ni kifaa cha somo, ila mgeni hanyimwi."

Bwana Anania alikuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri. Akalichukua.

"Ngojeni, watoto," alisema, "mwone jino lililotunzwa linavyofanya kazi."

Akauma. Hindi lilikuwa limepoa, na hindi likipoa huwa gumu kama neno la baba mkwe. Akavuta. Hindi likatoka mdomoni. Meno ya juu yakabaki kwenye hindi.

Kwa mshtuko, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, Bwana Anania alirudisha kitu alipokitoa. Akaliweka hindi mezani.

Darasa likatazama meza. Darasa likamtazama Mwalimu. Tupokigwe akatazama kifungu cha nne, kilichobandikwa ukutani kwa amri.

"Ferista," alisema kwa sauti ya chini, "endelea na somo."

Ferista akayatoa meno kwenye hindi kwa adabu, akapasha sindano, akaugusa ufizi wa bandia. Sindano ikazama.

"Hainuki nywele, kwa hiyo si pembe wala mfupa," alisema. "Inanuka utamu, kama embe bovu. Mwalimu, hii ni plastiki ya daraja la juu."

"Asili yake?" Tupokigwe aliuliza.

"Mafuta ya ardhini," darasa likaitikia.

Bwana Anania alinyoosha mkono na kusema jambo. Lilitoka kama upepo kwenye nyasi za paa. Ferista alilichukulia kuwa idhini. Meno yakagonga chuma, yakatulia juu ya miwani ya Mwinjilisti.

Bwana Anania akachukua ubao wa mwanafunzi aliye karibu, akaandika kwa chaki: FUNGUA.

"Natamani, Bwana," Tupokigwe alisema, na alikuwa anasema kweli. "Lakini kifungu cha tisa kinataka cheti kamili. Mimi nina kibali, na kimebaki nusu saa."

Bwana Anania akafuta, akaandika: MWINJILISTI AFUNGUE.

Barnaba, aliyekuwa amesimama mlangoni akishuhudia kwa kubana macho, akasomewa.

"Mimi cheti changu ni cha kubatiza, Bwana. Hakifiki kwenye masanduku."

NITAFUNGUA MWENYEWE.

"Ukifungua, itanibidi niandike kwenye daftari la shule. Ni miezi sita. Uliandika mwenyewe," Barnaba alisema. "Hukuniambia sheria haina miwani? Sikujua kama ina meno."

Bwana Anania alitazama ufunguo msumarini. Alitazama saa. Alizitazama kurasa kumi na nne za hotuba zikichungulia mfukoni, na pengine alimwona Bwana Mkubwa wa Jimbo amekaa Tunduma, akisubiri kuyatazama meno ya tabia njema. Akaketi kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu, akafungua mkoba.

Fomu ya cheti kamili ilikuwa ndefu. Palipoulizwa "Elimu ya mwombaji" aliandika "ya jioni". Palipoulizwa "Je, inatosha?" kalamu ilisimama muda mrefu kidogo, kisha ikaandika "inatosha kabisa". Akapiga muhuri. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu.

Tupokigwe aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye ncha ya mbeleko, pale Fides asipoweza kuifikia. Kisha akatungua ufunguo, akakiandika cheti chake kwenye daftari la shule, na kuligeukia darasa.

"Kifungu cha tisa, sehemu ya pili," alisema. "Watoto, mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu," darasa likaitikia, na Mwinjilisti akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Ufunguo ulikuwa tayari ndani ya kufuli pale mkono mmoja ulipopanda.

"Mwalimu," Ferista alisema, "mimi nimeelewa ya juu tu. Meno ya chini bado hatujayapima."

Bwana Anania akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.