Fidia ya Usumbufu wa Macho

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa tatu na dakika saba asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya Old Kampala, Mamlaka ya Ujumbe Mfupi ililitangazia taifa Kanuni za Kudhibiti Sura. Niliziandika mimi, Okwera, Katibu wa Kanuni, na sioni aibu kusema kwamba zilikuwa nzuri.

Tatizo lilikuwa zito. Wananchi walikuwa wakitumiana vikatuni vya nyuso ndani ya ujumbe: vinavyocheka, vinavyolia, vinavyotoa ulimi. Katika shule ya bweni niliyosoma, mvulana aliyetoa ulimi alipiga magoti kwenye changarawe hadi chakula cha mchana. Taifa halina changarawe ya kutosha, kwa hiyo likatoza ada.

Kwa kuwa Kiswahili sasa ni lugha rasmi, ilibidi Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili, na ofisini ni mimi peke yangu niliyejifunza lugha hiyo kitabuni. Wenzangu walijifunza kwa kusimamishwa na polisi barabarani. Mkurugenzi wetu, Bwana Ogwal, alipendekeza tuseme "kikatuni". Nilikataa. Nilichagua "sura", neno fupi lenye heshima.

Kifungu chenyewe kilisema: "Kila sura inayotumwa kwa ujumbe humsumbua mpokeaji macho, kwa hiyo mtumaji atalipa fidia ya shilingi mia sita, ambayo Mkurugenzi ataitunza kwa niaba ya mpokeaji." Mkurugenzi aliitunza. Hakuna mpokeaji aliyekuja kuiulizia. Ili raia yeyote asije akasema hakujua, tulizituma Kanuni nzima kwenye simu laki tisa, kila Jumanne, kwa wiki sita.

Alhamisi tarehe 20 Februari aliingia ofisini Bi Zubaida, muuza vipuri vya magari wa Kisenyi, mke wa konstebo Sebit aliyepelekwa Karamoja. Laini yake ilikuwa imefungwa wiki nzima kwa deni la sura sitini na mbili. Ilifungwa kutuma tu. Kupokea tuliacha wazi, ili mdaiwa asikose Kanuni.

"Afande, mumefunga simu yangu."

"Mimi si afande. Na unasema 'mmeifunga'."

"Mmeifunga, sawa. Fungueni."

Alinieleza kwamba binti yao, Rashidah, ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Kila asubuhi na kila jioni alimtumia mumewe sura moja: ya kucheka kama mtoto ni mzima, ya kulia kama yuko hospitali.

"Kwa nini usimwandikie maneno?"

"Miwani yake ilivunjika. Maneno haoni. Sura anaona."

"Basi azima simu ya jirani."

"Niliazima. Namba asiyoijua anasema ni matapeli, anafuta. Na kule juu simu ya kuongea haishiki." Alisogeza kiti bila kukaribishwa. "Jana dereva wa lori kaniletea habari. Sebit ameona kimya wiki nzima, anasema mtoto amekufa na mimi namficha. Leo jioni asipoona sura, anatoroka kituo aje kuzika. Na mtoto yuko nyumbani, anakula chapati."

"Konstebo anayetoroka kituo hufukuzwa kazi na kufungwa," nilimkumbusha.

"Ndiyo maana niko hapa, afande."

"Lipa shilingi elfu thelathini na saba na mia mbili. Sheria haina jamaa."

Alitoa simu yake, akaisogeza karibu na pua yangu.

"Hii kanuni mulinitumia iko na sura ngapi?"

"Kumi na mbili," nilijibu, tena kwa fahari.

"Nani alituma?"

"Mamlaka."

"Mara ngapi?"

"Mara sita."

"Sabini na mbili," alisema. "Mimi nilituma sitini na mbili. Macho yangu yamesumbuka kuliko ya Sebit."

Nilizisoma Kanuni upya, kuanzia Sura ya Kwanza hadi Sura ya Kumi na Mbili, nikitafuta kosa. Sikulipata. Ziliandikwa na mimi.

Bwana Ogwal aliitwa. Alisema jambo hilo ni dogo, kwamba kuna sura ya mtu na sura ya kitabu, na kwamba niongeze tu maelezo.

"Maelezo hayo yatakuwa Sura ya Kumi na Tatu," nilimwambia, "nasi tutalazimika kuituma kwenye simu laki tisa."

Bwana Ogwal alikaa.

"Mfungulie mama huyu," alisema hatimaye. "Na hizo kumi zilizozidi, alipe aliyechagua neno."

Laini ilifunguliwa saa tano na robo. Bi Zubaida alituma sura inayocheka, akangoja ameishika simu kwa mikono miwili. Baada ya dakika nne ikaja sura inayolia.

"Hii ni ya furaha," alinieleza, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nilimhesabia shilingi elfu sita kutoka mfukoni mwangu. Alipokuwa akishuka ngazi nilisikia wadaiwa waliokuwa wakingoja zamu yao wakimuuliza pesa hizo amezipataje, naye akawaeleza polepole, hatua kwa hatua, kama mwalimu.

Kufikia saa saba foleni ilikuwa imetoka getini, kila mtu na simu yake mkononi, kila mtu akihesabu sura. Bwana Ogwal alifunga mlango wa ofisi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumkopesha milioni mbili za kuanza kuwalipa. Nilimkatalia, nikaufungua mlango.