Basma Yupo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemkamata mwizi! Ubwa, jirani wa mbele, fundi cherehani mstaafu. Kakaa barazani kwake anatazama mpira kwenye simu kwa mtandao wangu. Nimejuaje? Kanambia mwenyewe! Kaniuliza bila haya, sheikh Zahran, mbona leo mtandao wako mzito? Wangu! Mimi chumbani sipati chochote, kuta za mawe nene, haupenyi. Lakini dirisha la sebuleni linamwagia yeye wote. Nikamjibu kwa upole kwamba nitaangalia. Nitaangalia kweli.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta, ukurasa ule wa wataalamu. Binti yangu Ibtisam kanipigia kutoka Mwanakwerekwe: Baba, nshakwambia, hapo usiguse kitu. Nikagusa. Kuna orodha ya simu zilizoungana na ruta, na pahala pa kuzifungia. Zimo mbili. Hazina majina, herufi na tarakimu tu. Nikatumia akili: wa kwanza lazima awe mwenye nyumba, wa pili ndiye mgeni. Nikamfungia wa pili.

Simu yangu ikakatika hapo hapo. Barazani Ubwa akapiga ukelele: goli!

Kumbe yeye hujiunga tangu alfajiri. Hana adabu hata ya kuchelewa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefungiwa nje ya nyumba yangu na mimi mwenyewe. Hasira mpaka chai imenipalia. Nyuma ya ruta kuna kitundu. Nikachukua pini ya ushungi wa marehemu mke wangu, Basma, bado imechomekwa kwenye pazia alipoiacha Mei. Nikachokonoa. Taa zikazimika zote, zikawaka tena. Simu ya Ubwa ikanyamaza. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikaona. Jina limepotea! Basma ndiye aliyeupa mtandao jina: Basma Yupo. Nikirudi kutoka sokoni, nikikata kona ya uchochoro wetu, simu huandika kwamba imeungana na Basma Yupo. Miezi sita sasa ile kona naipita polepole. Leo zimetokea tarakimu za kiwandani.

Jina naweza kulirudisha. Lakini neno la siri alilichagua yeye, akaliandika yeye kwenye simu yangu, akanambia nisichokonoe. Sikuwahi kuliuliza. Sasa nimelifuta, na wa kumuuliza hayupo. Mjinga mimi! Na Ubwa mjinga zaidi, maana yote haya kayaanza yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Ubwa kapiga hodi. Mpira umekatika, kuna nini? Nikampandishia sauti ambayo sijawahi kumpandishia jirani. Nikamwambia kaiba vya kutosha. Akanitazama, akasema taratibu: Kuiba? Bi Basma kanipa mwenyewe, mwezi wa Ramadhani, pamoja na sahani ya vitumbua. Mimi nilidhani unajua, bwana.

Akaenda kwake, akarudi na kikaratasi. Mwandiko wa Basma! Ile k yake yenye mkia mrefu. Neno lenyewe: usisahaumkate.

Miaka thelathini alikuwa akinambia hayo mlangoni. Miaka thelathini nikirudi bila mkate.

Nimeliingiza kwenye ruta. Jina nalo limerudi. Ubwa kafuta macho, mimi nimetazama dirishani. Kisha nikamwomba kile kikaratasi. Kakataa! Kasema neno ninalo, karatasi kapewa yeye. Kaikunja, kaitia mfukoni. Mfukoni mwa kanzu yenye mafuta ya sambusa!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimerudi kutoka msikitini. Nikakata kona: Basma Yupo. Nikasimama pale mpaka mtu wa baiskeli akaniuliza kama naumwa.

Lakini sina raha. Mwandiko wa mke wangu unalala mfukoni mwa Ubwa, unasubiri kufuliwa! Nikafikiri, nikapata. Nikibadilisha neno la siri, kikaratasi hakina kazi tena. Ubwa atakitupa uchochoroni, mimi nitakiokota. Ataumia nani? Ibtisam kanipigia, kaniuliza kama nimeacha kuigusa ruta. Nikamwambia nimeacha kabisa.

Nimeshabadilisha. Neno jipya ni refu na gumu, hakuna wa kulikisia. Sikuliandika popote, nisije nikaibiwa. Hili nitalikumbuka.

Kwa furaha nikashuka kwenda kununua mkate.

Nimerudi na ndizi.