Kopo la Wali Juu ya Jiko la Darasa

Jumatatu, 2 Desemba
Niliingia kwenye makumbusho ya elimu kukwepa baridi tu. Ni shule yetu ya zamani, iliyofungwa kwa kukosa watoto. Nakuta nini ukutani? Cheti cha Ma Deok-su cha kutokosa shule hata siku moja, na jina lake kwenye kibao cha shaba. Deok-su, kiranja wetu, aliyekuja na homa akatuambukiza sote. Jumamosi darasa letu lote linakutana hapo hapo. Nitapita mbele ya kibao hicho na uso gani? Lazima nami niwe na changu.

Jumanne
Nimepiga simu makumbusho. Msimamizi ni Mwalimu Tak, aliyetufundisha darasa la nne. Kumbe bado yu hai. Anatafuta kopo la aluminiamu la chakula, mojawapo ya yale tuliyokuwa tukiyapanga juu ya jiko la darasani wali upate moto. Nikamwambia ninalo, nimelitunza kama mboni ya jicho. Sina. Langu nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, akanipa peremende, na mama akanipa bakora.

Jumatano
Nimenunua jipya sokoni. Nimeligonga nyundo, nimelipaka rangi nyeusi ya viatu, nimelisugua majivu. Mke wangu Sun-rye akauliza kama nilistaafu kazi au akili. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ijumaa
Mwalimu Tak alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Akasema nimelitunza vizuri mno. Kesho ni kesho, Deok-su!

Jumamosi
Balaa. Nilidhani litawekwa kwenye kabati la kioo. Mwalimu akawasha jiko, akajaza langu na mengine ya dukani wali na kimchi, ile kabichi chachu ya pilipili, akasema leo tunakula kama zamani. Langu akaliweka chini kabisa, juu ya moto. Niliomba lihamishiwe juu. Deok-su, kiranja mpaka kaburini, akasema zamu ni zamu.

Rangi ikaanza kuchuruzika. Moshi ukajaa darasani, tukakimbilia uani na mvi zetu, tunakohoa.

“Chang-gu, ndugu yangu,” Deok-su akasema, “leo umetupikia kiatu?”

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu Tak hakucheka. Alinikamata sikio, mzee mzima, mbele ya wote.

“Enzi zile mchele ulikuwa haba, serikali ikakataza wali mweupe usiochanganywa na shayiri,” akasema. “Huyu alikuwa akinyunyiza shayiri juu tu, chini kweupe. Kila nikikagua makopo nilijua. Eom Chang-gu, hujabadilika hata chembe.”

Kila mtu alinyunyiza! Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeona aibu.

Jumapili
Nimepita kuchungulia kama wamelitupa. Liko ndani ya kioo, jeusi tii. Chini yake kibao: “Kopo la bandia, kazi ya Eom Chang-gu, mwanafunzi wa shule hii, bingwa wa kunyunyiza shayiri.” Wageni wamejazana hapo wanacheka. Kwenye cheti cha Deok-su hakuna hata nzi. Na kibao changu ni kipana kuliko chake, nimekipima kwa shubiri.

Nimemsikia Mwalimu Tak akimwambia mgeni kwamba kilichobaki kupatikana ni fimbo ya kuchapia ya enzi zile. Nikamwambia ninayo, nimeitunza kama mboni ya jicho.

Mpini umeshalowa ndani ya mtungi wa mchuzi wa soya, upate rangi ya uzee. Sun-rye anazunguka nyumba nzima akitafuta ufagio wake.