Jina la Mume Wangu Linapotelea Bonde la Malagarasi

Kwa Ndugu Meneja wa Redio,

Nisamehe karatasi kulowa pembeni. Mwanangu Gentille ameinyonya sasa hivi, na sina nyingine. Hajambo, ana meno mawili.

Nina malalamiko, kwa heshima. Mume wangu Marselino anaendesha pikapu ya maharage, Kasulu kuja Kibondo. Kila Jumamosi saa tisa mchana natuma salamu kwenye kipindi chenu azisikie njiani. Naanza na mama mkwe, kisha shangazi, kisha Anania muuza nyama, halafu Marselino mwisho kabisa, kama mtu anavyobakiza mnofu aumalizie.

1. Jumamosi tatu sasa, majina yote yanafika mpaka la Anania. Likija la mume wangu, gari inashuka bonde la Malagarasi na redio inaanza kukoroma. Ndugu Meneja, huyo Anania alinichumbia kabla ya Marselino. Mume wangu sasa anakula kwa mama yake, hata mtoto hambebi.

2. Fundi Nurudini anasema mawimbi yenu yanakwenda yamenyooka kama mwanga wa tochi, kilima kikiyakinga yanafifia. Nikakubali. Lakini dereva Mudathiri anapita bonde hilohilo, anasikia mpaka kikohozi cha mtangazaji. Kumbe mawimbi yenu yanachagua magari.

3. Naomba mnara uhamie bondeni. Ikishindikana, bonde lijazwe udongo kabla ya Jumamosi. Ikishindikana na hiyo, mtangazaji apande pikapu Kasulu, wakifika mtoni amnong'oneze Marselino kwamba ni yeye tu. Maharage hayachafui nguo.

Wasalimie mafundi mitambo, mlinzi wa geti na mama anayewapikia chai. Anania safari hii nimemruka.

Ni mimi ninayewategemea,
Deborah, Mama Gentille

Nyongeza: Marselino amekuja kuchukua shati. Nimemsikia nje akimuuliza Nurudini nani kang'oa antena ya pikapu, na Nurudini anajibu kwamba bila antena redio itashika mlimani tu. Ndugu Meneja, sikujua kama ni ya redio. Niliifungua mimi, wiki tatu zilizopita, inatanua vizuri chandarua cha mtoto. Mnara uacheni palepale. Ila Jumamosi jina lake lisomeni la kwanza, na mumwambie kwamba mimi, subirini, ananiita chumbani, amembeba Gentille mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika ile ante