Kiti cha Enzi cha Bibie

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kapiga simu. Mwanawe kaacha nepi! Kalirudia hilo kama vile mtoto kapata digrii. Nikamjibu kuwa binti yetu kaacha zamani. Wakati huohuo Bibie akapita sebuleni, nepi imelowa, inaning'inia magotini. Shemeji kasema atamwambia mama mkwe, naye anakuja Jumapili kujionea mwenyewe. Nimekwisha!

Mke wangu kanionya nisimsukume mtoto. Poti yake ya kujisaidia ikae bafuni, aizoee, akiwa tayari atasema. Nimeitikia. Lakini kuumbuka mbele ya mkwe? Thubutu!

Alhamisi, 7 Machi
Wazo! Poti ya plastiki haina hadhi. Mimi si fundi seremala? Nimeweka kando kabati la mteja nikaanza kiti: mikono miwili, mgongo wa nakshi, tundu nililolipiga msasa mpaka likateleza. Mteja kaja kuulizia kabati. Nimemwambia gundi haijakauka.

Ijumaa, 8 Machi
Bibie kakipenda mno. Kamlaza mwanasesere wake humo, kamfunika, kaamuru tunyamaze. Nilipojaribu kumkalisha yeye, alijikaza kama ubao na kupiga yowe. Mke kauliza tulikubaliana nini. Nimesema nilikuwa napima tu.

Jumamosi, 9 Machi
Kosa nimeliona. Kiti haking'ai! Nimekipaka vanishi, mkono wa pili juu ya wa kwanza, sikungoja ikauke. Kesho namwonyesha kwa vitendo.

Jumapili, 10 Machi
Nimekaa kitini na bukta yangu, napiga mluzi wa kubembeleza mkojo. Bibie ananitazama kwa huruma. Mara hodi! Mama mkwe. Nitamwamkiaje nimekaa? Nikasimama. Kiti nacho kikasimama. Vanishi mbichi! Nikampa shikamoo nimeinama, miguu minne ya mbao imetokeza nyuma yangu. Kaitikia akitazama ukuta, kisha kauliza kama ndiyo malezi ya siku hizi.

Hapo Bibie akavuta gauni la mama yake, akasema, "Kojo." Akaenda bafuni mwenyewe. Akakaa kwenye poti ya plastiki. Tukasikia! Mama mkwe akapiga vigelegele, akauliza ameanza lini. Mke wangu, ambaye hajui kusitiri mume, akasema leo. Macho yote kwangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini machozi yalinitoka, na yalikuwa ya furaha.

Jumatatu, 11 Machi
Bibie kaenda tena bila kuambiwa. Mke anadai mtoto kajiongoza mwenyewe. Masikini, hajui malezi! Nisingenasa pale, mtoto angeiga nini?

Shemeji kapiga simu kunicheka. Nikamwambia hayo ya poti tumeshayapita, Bibie sasa anafunga kamba za viatu. Kasema Jumamosi anakuja kuona. Karibu sana! Nimeshachagua ubao. Nachonga kiatu kikubwa, mtoto aingie mzimamzima.