Siri Yangu ya Krispi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Madam Makandi, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima hapa Kibirichia, ametangaza kwamba tutaanza kukaanga krispi. Anatafuta msimamizi. Koti jeupe, ofisi yenye dirisha. Ni mimi au Gikunda wa mizani. Lakini mafunzoni nilipelekwa mimi peke yangu! Huko niliambiwa kwamba kiazi cha chumba baridi, kama vile vya stoo yetu, kina sukari nyingi, ukikikaanga kinakuwa cheusi. Lazima kwanza kikae mahali penye joto wiki mbili tatu. Wenzangu waliniuliza nimejifunza nini. Nikawaambia ilikuwa chai na mkate tu. Akili ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Gikunda amekaanga. Krispi zimetoka na rangi ya viatu vya mzee wa kanisa. Akaniomba wazo. Nikasema labda ni mafuta. Wakabadilisha mafuta. Nikasema labda ni kisu. Wakanoa kisu. Gatakaa, anayemenya, alishinda hapo mpaka vidole vikajikunja. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikafikiria dirisha.

Alhamisi, 6 Machi
Mtunza stoo ni mimi, kwa hivyo hakuna aliyeuliza nilipotoa magunia mawili ya viazi. Yako jikoni kwangu, kona ya karibu na moto. Mke wangu Kanini ameuliza ni ya nini. Nikamwambia ni mambo ya kazi, asijisumbue. Tarehe ishirini na tano mnunuzi wa Embu atakuja kuonja. Nimemwahidi Madam kwamba siku hiyo nitakaanga mimi.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua imeanza. Nimerudi kuchukua magunia. Kona tupu. Kanini yuko shambani, tope hadi magotini, anaimba. Amepanda vyote! Anasema viazi vikiwekwa kona ya jikoni vikachipua, hiyo ni mbegu. Hata mama yake kule Karurumo huweka mbegu kona hiyo hiyo. Yeye angejuaje vingine? Halafu akanilaumu kwamba sikumsaidia kuchimba.

Jumanne, 25 Machi
Nilikaanga viazi vya chumba baridi, moja kwa moja. Vyeusi. Mnunuzi alitafuna kimoja kwa adabu, akakitema kwenye kitambaa. Kwa hofu nikajitetea kwamba viazi havikupata joto la kutosha kabla. Gikunda akaniuliza, kwa upole mbaya sana, hayo nimeyajua tangu lini. Gatakaa aliangalia vidole vyake, akavua aproni, akaenda nyumbani. Mnunuzi naye ameondoka. Madam amefunga mradi, na sufuria imerudishwa kanisani tulikoiazima. Hakuna msimamizi. Nimeona aibu hadi chakula kimenishinda.

Ijumaa, 27 Juni
Viazi vya Kanini vimezaa vizuri, majirani wanavisifu. Mimi navila kimya kimya.

Madam amepata moyo tena. Safari hii ni unga wa viazi, na msimamizi atahitajika. Wale wa mafunzo walikuwa na jina langu tu, kwa hivyo nimekwenda tena. Vipande vya viazi vichovywe kwenye maji moto kabla ya kuanikwa, la sivyo unga unakuwa wa kijivu. Gatakaa ameniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia ilikuwa chai tu. Mkate haukuwepo, siwezi kudanganya.

Nyumbani siweki kitu tena, nimekuwa mjanja. Vipande vyangu vilivyokauka viko Karurumo kwa mama mkwe, gunia zima, nyuma ya zizi la mbuzi. Ameuliza ni vya nini. Nimemwambia kwa heshima kwamba ni mambo ya kazi.